Bahari ya Ndoo na Birika la Handeni

Vijana walionirithi maabarani wameniandikia kuuliza juu ya mwongozo wa ndoo za bahari, ule wenye jina langu kwenye jalada. Wanasema una mahali pamoja pasipoeleweka, ukurasa wa maji ya kuongezea. Wana haki. Hapaeleweki kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka pasieleweke, na siwezi kueleza kwa nini bila kuanzia mbali kidogo. Vyeo sitavigusa, vyote vilichelewa, na hakuna cha kujifunza humo. Nitazungumzia vyombo, maji, na watu wawili niliofanya nao kazi.

Niliripoti chuoni, Korogwe ya zamani, siku ya Jumatatu, nikiwa na stashahada mpya na viatu vilivyonibana. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Singano, mtu mfupi, mkavu, mzaliwa wa kambi ya wakata mkonge kule Hale, ambaye aliviheshimu vyombo vya kioo kuliko alivyowaheshimu walimu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unaweza kuosha bureti?"

"Ndiyo, Mzee. Tumefundishwa."

"Sikukuuliza umefundishwa nini."

Nikaiosha, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia. Akaichukua, akaielekeza dirishani, akanirudishia. Nikaiosha tena. Mara ya tatu alinionyesha tone moja dogo lililong'ang'ania ukutani mwa kioo. "Kioo kisafi hakishiki tone," alisema. "Maji yanateremka yote kama shuka. Tone likibaki pana mafuta, na penye mafuta kipimo chako ni uongo." Nimewafundisha wanafunzi wengi maneno hayo, na nakiri kwamba sikuwa mwepesi wa kutaja yalikotoka.

Mzee alikuwa na tupa ndogo ya pembe tatu ya kukatia mirija ya kioo. Aliitunza ndani ya kipande cha khanga, mbali na tupa za chuo. Aliukwaruza mrija mara moja tu, akaushika kwa kitambaa, vidole gumba viwili vikielekeana nyuma ya mkwaruzo, kisha tak, mrija ukakatika sawasawa kama muwa mkavu. Mimi niliruhusiwa kuigusa tupa ile baada ya mwaka mzima.

Mwaka wangu wa pili akaja Mwanaidi kutoka Handeni, msichana wa Kizigua, mdogo kwangu kwa miaka mitatu, mcheshi, aliyekuwa akiimba huku akipanga chupa za asidi. Wiki yake ya kwanza Mzee alimpa tupa ajaribu. Tak. Akampa mrija mwingine aupinde juu ya taa ya spiriti. Ukapindika vizuri, bila kubonyea kwenye kona.

"Huyu ana mkono," Mzee aliniambia.

Mimi, mwaka uliotangulia, alikuwa ameniambia kwamba nina bidii.

Wasomaji mlio vijana mnaweza kuona kuwa hilo ni jambo dogo. Mimi nimelibeba kwa karibu miaka thelathini, na nawaambia lina uzito wake. Mzee alipostaafu, Mwanaidi alikuwa amekwisha kupata uhamisho wa kwenda maabara ya sekondari moja huko kwao Handeni. Siku ya kumuaga Mzee, alinikabidhi funguo za maabara mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Kisha nikamwona pembeni, karibu na tangi la maji, akimpa Mwanaidi kile kipande cha khanga. Funguo zilikuwa mali ya serikali. Tupa ilikuwa yake.

Miaka ikapita. Tukawa tunaonana kwenye semina, tukiitana Dada na mdogo wangu, tukiulizana habari za watoto. Katika semina mojawapo, iliyofanyika chuoni kwetu, alikuja Daktari mmoja mwanamke kutoka kituo cha utafiti wa bahari. Alitueleza kwamba moshi wote unaotoka viwandani na kwenye magari una hewa ukaa, na sehemu ya hewa hiyo inanywewa na bahari. Ikishayeyuka majini inazaa asidi. Bahari haiwi siki, alisema, lakini mabadiliko madogo tu yanatosha kuwasumbua viumbe wanaojijengea magamba ya chokaa: chaza, konokono, matumbawe. Akatuonyesha picha ya mitambo ya nje inayotumika kuchunguza jambo hilo, yenye mitungi ya gesi na vali zinazojifungua zenyewe. Bei yake hakuitaja. Alisema tu kwamba kituo chao chenyewe hakikuwa nayo.

"Ninatafuta mtambo wa mtu wa kawaida," alisema. "Ambao mwalimu anaweza kuutengeneza kwa vitu vya dukani."

Mwalimu mmoja akacheka. "Daktari, hapa Korogwe bahari iko wapi?"

Mwanaidi, aliyekaa mstari wa mbele, akajibu bila kugeuka: "Bahari tutaibeba, mwalimu. Kwani ina miguu?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi. Daktari akaandika jina lake. Mimi nilikuwa nimewaza jambo hilohilo, neno kwa neno, ila nilikuwa bado nalipanga liwe sentensi kamili.

Utaratibu ukawa hivi: sisi mafundi wawili, Mwanaidi na mimi, tutengeneze kila mmoja mtambo wake, tuufanyie kazi miezi kadhaa, kisha tuwasilishe. Mtambo mmoja ungechaguliwa uandikiwe mwongozo kwa ajili ya shule, na aliyeutengeneza angekwenda kukaa kituoni pwani miezi mitatu kuujaribu. Nilimaliza chuo mkoani, nikafanya kazi mkoani, na bahari nilikuwa nikiiona kwa safari za siku moja. Niliitaka ile miezi mitatu. Na zaidi nilitaka asiipate yeye.

Sasa vyombo. Chukueni ndoo za plastiki zenye vifuniko, zile za lita ishirini. Zioshwe kwa maji matupu, kwa kuwa sabuni huwaua viumbe kabla ya asidi. Hewa ukaa mnaipata kwa hamira na sukari ndani ya chupa kubwa ya maji ya uvuguvugu. Molasesi inafaa zaidi, ila inachafua. Chupa moja huchoka baada ya siku chache, kwa hiyo muwe na tatu mnazozianza kwa kupishana. Kinachosumbua ni kuidhibiti hewa hiyo, isije mbio leo na kulala kesho. Mimi nilitumia mpira wa dripu ya hospitali. Una kigurudumu cha kubania, na una kile kichupa kidogo ambamo muuguzi huhesabu matone. Nilikijaza maji nusu, nikakielekeza juu chini, nikawa nahesabu mapovu. Ndoo nyingine ilipata hewa ya kawaida tu kutoka kwenye pampu ya matangi ya samaki. Hiyo ndiyo ya kulinganishia, na bila hiyo hamna mnachokijua.

Wiki ya pili mkuu wa chuo alifika mlangoni, akavuta pumzi mara mbili.

"Mama, hapa mnapika nini?"

"Bahari, mkuu."

"Inanuka kama kilabu cha pombe ya miwa."

Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu yote, kisha akaagiza dirisha la upande wa ofisi yake lifungwe.

Maji niliyachota Tanga, pamoja na konokono wadogo wa kwenye miamba, nikayaleta kwa basi katika madumu sita. Tulipofika Muheza kondakta alikuwa amekwisha kujua nilichobeba, na kabla ya Hale abiria wawili walikuwa wameniomba kikombe kimoja kimoja cha kuogea, cha kuondoa nuksi. Niliwanyima. Mama mmoja akaniambia, "Dumu sita peke yako! Nuksi yako si mchezo." Niliona ni mzaha. Baadaye niliukumbuka.

Ndoo inapopitiwa na mapovu mchana kutwa katika joto la Korogwe, maji hupungua. Mwanzoni nilikuwa naongeza maji ya bahari, na chumvi ikazidi mpaka konokono wakawa wanapanda ukutani kutafuta kifuniko. Maji yanayopaa huacha chumvi chini. Kwa hiyo yanayorudishwa lazima yawe matamu. Nikaanza kuongeza maji ya kisima cha chuo. Hapo likatokea jambo la ajabu: hewa ukaa inaingia, lakini kipimo cha maji, ambacho huteremka asidi inapozidi, hakiteremki inavyotakiwa, na magamba yanang'aa kama mapya. Wiki nzima nililala vibaya, kisha nikaiona sababu. Maji ya kisima yana chokaa iliyoyeyuka, na chokaa huila asidi kabla asidi haijaligusa gamba. Nikamwaga yote, nikakinga maji ya mvua kwenye bati, nikaanza upya. Magamba ya ndoo yenye hewa ukaa yakaanza kufifia, na kingo zake kulika. Niliandika kwenye daftari langu, kwa wino: *Maji ya kisima yanaficha asidi. Mvua tu.* Nikaweka na tarehe, kama Mzee alivyotufundisha.

Kama mwezi mmoja kabla ya kuwasilisha, nilikwenda Handeni kutembelea maabara ya Mwanaidi. Ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo, kila mmoja akague kazi ya mwenzake. Yeye alikuwa amekwisha kuja kwangu, akasifu kila kitu, na hata kunikazia mpira uliokuwa unavuja.

Nilipoingia nilitamani nirudi. Hakukuwa na mpira wa dripu wala vifundo vya kamba kama kwangu. Mirija ya kioo ilitoka kwenye chupa za hamira, ikapanda, ikapinda, ikagawanyika kwenda kwenye ndoo nne, kona zote zimelingana, kazi ya tupa ile. Katikati alikuwa amesimamisha chupa ndefu yenye maji, na mrija mmoja umezamishwa ndani yake. Hewa ikizidi inatokea pale yenyewe, ikipungua mapovu ya pale yanakoma. Ndoo zinapata kiasi kilekile asubuhi na jioni. Aliuita mnara. Mimi nilikuwa nahesabu mapovu kama muuguzi wa zamu, na mwenzangu alikuwa amejenga kitu kinachojihesabu.

"Keti, Dada. Umechoka na vumbi. Ngoja nikuwekee chai."

Akafunua birika kuongeza maji. Ndani lilikuwa jeupe. Ukoko wa chokaa ulikuwa umeshika pande zote, mnene kama ganda la yai.

"Maji ya wapi haya?" niliuliza.

"Ya kisima kirefu, hapo nyuma. Magumu kidogo, lakini wafugaji wanasema ng'ombe wao wanayapenda kuliko ya lambo." Kisha, kwa jagi lilelile, akaenda kuzijazia ndoo zake mpaka kwenye alama. Akageuka. "Dada, nina shida, nikuulize wewe. Konokono wangu hawaonyeshi kitu. Napuliza hewa, kipimo kinateremka kidogo, halafu kinapanda tena. Magamba mazima. Nimeosha kila chombo mara tatu, unajua tulivyofundishwa. Wewe waonaje?"

Nililitazama birika. Nililitazama kwa muda mrefu, na jibu lilikuwa limekwisha kunifika ulimini. Kisha nikautazama ule mnara.

"Labda konokono wa huku wamekuwa Wazigua," nikasema. "Wabishi."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka. Tukanywa chai, akanisindikiza stendi, akanipa na mahindi ya kuchoma ya njiani.

Siku ya kuwasilisha tulikusanyika tena chuoni. Nilitangulia mimi: matokeo yangu yalikuwa wazi, magamba yangu yalipitishwa mkono kwa mkono. Akafuata Mwanaidi. Hakupunguza wala kuongeza neno. Alisema mtambo wake unafanya kazi, ila konokono hawakuathirika, na yeye haelewi kwa nini.

Daktari akakunja uso. "Una hakika hakuna kosa mahali?"

"Nimetafuta, Daktari. Na sikutegemea macho yangu peke yake. Dada yangu wa Korogwe alikuja akaona kila kitu. Huyu alioshwa na bureti, si kwamba aliiosha." Watu wakacheka. "Kama kungekuwa na kosa la kuonekana, yeye angeliona."

Daktari akanigeukia. "Uliona?"

"Niliona vyombo vyake," nilijibu. "Ni vizuri sana."

Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa la kweli. Nilikaa. Walichagua mtambo wangu kabla ya chakula cha mchana, na Mwanaidi akawa wa kwanza kunikumbatia. "Hongera, Dada! Nenda, ukirudi utuletee samaki."

Nilikuwa pwani, mwezi wangu wa pili, mvua zilipoanza bara. Nikapata ujumbe wake kwenye simu: *Dada, ni maji ya kisima! Nimeweka ya mvua, magamba yameanza kulika. Chunguza na zako usije ukapotea kama mimi.* Nilikuwa nimesimama katikati ya matangi ya kituo, nimevaa koti jeupe walilonipa. Nikajibu: *Ahsante mdogo wangu, nitachunguza.*

Wiki hiyohiyo nilikuwa naandika mwongozo, na nilikuwa nimefika kwenye ukurasa wa maji ya kuongezea. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, niandike kwamba maji ya kisima yanaficha asidi na kwamba mimi niligundua. Daktari angeomba kuona daftari, na tarehe ingemwambia kwamba nilijua kabla ya kwenda Handeni. Ya pili, niandike kwamba Mwanaidi ndiye aliyegundua. Njia ya kwanza niliiogopa. Ya pili sikuiweza kabisa, kalamu ilikataa. Nikaandika: *Ongeza maji safi.* Na kwa kuwa mpira wa dripu ulikuwa unaziba kila mara, na Daktari alikuwa anaulizia sana ule mnara wa Handeni, nikauchora kwenye ukurasa unaofuata, chini ya maneno *njia nyingine*, bila jina la mtu.

Mwongozo ukaenda mashuleni. Sasa fikirini: shule iliyoko nyanda kavu, isiyo na maji mengine ila ya kisima, mwalimu wake anasoma "maji safi", anatazama maji yake, nayo ni safi, yanapitisha mwanga. Anayamimina. Wanafunzi wake wanajifunza kwamba asidi haidhuru gamba. Nimepokea barua za walimu watatu wa namna hiyo. Niliwajibu waoshe vyombo vyao vizuri zaidi.

Mwaka huu niliamua kustaafu kwa hiari. Kabla sijaondoka, vijana wa maabara yangu walikusanya madaftari ya zamani, wakayapeleka Handeni kulinganisha vipimo. Sikuwazuia, maana sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka, lililokuwa ndani.

Siku ya kuniaga Mwanaidi alikuja na kitu amekifunga ndani ya khanga mpya. Kwa umbo niliona wazi kwamba si tupa, na hata siku ile, Mungu anisamehe, hilo ndilo nililoliangalia kwanza. Nikafungua mbele ya watu. Lilikuwa birika lake la zamani, na ukoko wake wote ndani.

Ukumbi ulicheka sana. "Mama, limechakaa kama chuo!" mtu akapaza sauti.

"Nimemletea alichokipenda," Mwanaidi akawaambia. "Alipokuja kwangu alilitazama mno." Kisha akainama kunibusu shavuni, akasema kwa sauti ya kunitosha mimi tu: "Nimelisoma daftari lako, Dada. Una mwandiko mzuri."

"Mwanaidi, mdogo wangu..."

"Si hapa. Hapa kuna pilau." Akanishika mkono, bado akitabasamu kwa ajili ya watu. "Miaka yote nilidhani nilikuwa mjinga. Wewe ni mwandishi wa miongozo. Basi andika."

Ndiyo maana naandika. Fungueni mwongozo, ukurasa wa kumi na moja. Palipoandikwa "maji safi" kateni, andikeni "maji ya mvua, maji ya kisima yana chokaa, nayo huficha asidi". Pembeni andikeni kwamba Mwanaidi wa Handeni aligundua jambo hili kwa kazi yake mwenyewe, na kwamba mwandishi wa mwongozo alilijua kabla yake akamnyima. Ukurasa wa kumi na mbili, futeni "njia nyingine". Ule mnara ni wa Mwanaidi, nao ndio njia. Mpira wa dripu utumieni kama hamna kioo. Na wale walimu watatu nimewaandikia upya jana.

Tupa ya Mzee, nimesikia, Mwanaidi amempa fundi mpya wa Handeni, msichana aliyeajiriwa juzi. Wanasema ana mkono. Nimeulizia jina lake mara mbili na sijui kwa nini.

Birika liko kwenye meza yangu hapa nyumbani, Manundu, Korogwe. Ndimu mbili zingeutoa ukoko ule kabla chai haijachemka. Ni kemia niliyoifundisha maisha yangu yote. Sijazikamua. Wageni wakifunua kifuniko huniuliza kwa nini sijaliosha, na mimi bado najizoeza kuwajibu bila mzaha.